Hotipoti ya Mgonjwa

Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ya Mkonze iligombana kwa sababu ya mistari miwili. Mama mkwe wangu huamka kabla ya jua na kufagia uwanja wote, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye ua wa minyaa. Akimaliza, ardhi inabaki na alama za ufagio tu, zimepangana vizuri, unaona hata aibu kukanyaga. Halafu mbwa anatoka bandani, anakatiza kwenda kunywa maji, na nyuma yake inabaki mistari miwili mchangani, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, kama ya mtu aliyepita akiburuta fimbo.

"Mbwa wako ananichorea uwanja," aliniambia.

"Ni mbwa wa mwanao, mama."

"Basi mwambie mbwa wa mwanangu anyanyue miguu."

Nilicheka siku hiyo. Wiki iliyofuata sikucheka tena, maana malalamiko yalikuwa ya kila asubuhi na mimi nina haraka ya kuwahi sokoni. Nikaona dawa ni moja: nikamfunga mbwa kwa kamba upande wa magharibi wa nyumba, asikanyage uwanja mpaka jua lichomoze. Nilidhani ni uvivu. Mbwa amekula, ameshiba, amezeeka kidogo, hataki kunyanyua miguu. Kila asubuhi ugonjwa uliandikwa pale chini kwa herufi kubwa, na kila asubuhi tuliufagia tukautupa pamoja na majani. Nikikumbuka kamba ile nakasirika mpaka leo, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe, ndiyo maana hasira haiishi.

Mimi nauza nafaka sokoni Majengo: uwele, mtama, karanga, na ufuta msimu wake ukifika. Kazi yangu ni ya mkono. Naingiza mkono katikati ya gunia, nachota, nafinya, na najua kama karanga zimeoza ndani hata kama za juu zinang'aa. Wakulima wananijua, hawathubutu kuniletea gunia lililotiwa mchanga. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo angeweza kugundua mbwa anaumwa nini mapema kuliko daktari. Tatizo ni kwamba sikuwahi kumshika.

Nimezaliwa Kondoa, katika nyumba ya swala tano. Kwetu mbwa alilinda boma, akapewa chakula chake kwenye kigae, na hakuna aliyemgusa. Mate yake yakikupata unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nililelewa hivyo na sikuona ubaya wake. Mume wangu ni Mgogo aliyesilimu kabla ya kunioa. Kazi yake iko Mtera, kwenye mitambo ya bwawa, na huja nyumbani mwisho wa mwezi na mfuko wa samaki wakavu. Mwezi mmoja alikuja na samaki na mbwa. Fundi mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, akamwachia mtoto wa mbwa wa polisi, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilimwambia mume wangu alishe yeye. Akacheka, Jumatatu akarudi Mtera.

Kwa hiyo nilimlisha kwa umbali. Nilisukuma bakuli kwa mguu, nikamwaga maji kutoka juu, na akinikaribia nilikusanya kanga yangu. Akakua mpaka kichwa chake kikafika kiunoni kwangu. Jina lake silitaji, nikilitaja nitashindwa kuendelea.

Aliyempenda ni mama mkwe. Yeye amekulia kwenye ng'ombe, upande wa barabara iendayo Mtera. Kiswahili alijifunza ukubwani, na mpaka leo anakisema kwa uangalifu, kama mtu anayevuka korongo kwa kukanyaga mawe. Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Baba alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ya mjini kwa wiki tatu, na kwa wiki tatu mama alikwenda kila siku mara mbili, uji asubuhi na ugali jioni, hotipoti imefungwa kwenye kanga. Saa za kuona wagonjwa alizijua kuliko walinzi wa getini. Maneno mengi ya Kiswahili aliyasikia kwa watu, lakini neno kulazwa alilisoma kwa miguu yake mwenyewe.

Alipofika hapa hakuwa na ng'ombe wa kumwamkia asubuhi, akaanza kumwamkia mbwa. "Mbukwa," anamsalimia kwa Kigogo kila alfajiri kabla ya kushika ufagio, na mbwa anapiga mkia chini. Wakati wa mvua walikwenda wote kuchuma mlenda. Wakirudi, mama ametangulia, mbwa nyuma, kama watu wanaotoka kazini.

Siku aliyoanguka mara ya kwanza nilikuwepo. Baraza letu lina ngazi mbili tu. Alipanda kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikabaki chini, akakaa hivyo nusu juu nusu chini, akinitazama mimi kama kwamba ndiye niliyemshika. Halafu akaporomoka. Akasimama, kiuno kikaenda kushoto na yeye anataka kwenda kulia, mguu mmoja wa nyuma ukapita mbele ya mwenzake, akaanguka tena. Ndipo nilipoinama, kwa umbali wangu uleule, nikaona kucha za miguu ya nyuma. Zile za katikati zilikuwa zimesagika mpaka kwenye nyama.

Nikaelewa mistari. Nilikwenda nikafungua ile kamba ya upande wa magharibi, nikaitupa kwenye shimo la taka, kisha nikamfokea mama mkwe kuhusu jambo jingine kabisa, nadhani chumvi.

Sasa kilianza kipindi ambacho kila mtu alijua dawa. Bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki yake. Mtu mwema, anajua ng'ombe na mbuzi vizuri. Akamtazama mbwa miguu, akasema minyoo, akachoma sindano. Wiki mbili baadaye akasema mbwa mkubwa hivi anakula ugali mtupu, mifupa imekosa chokaa, tumpe dawa ya unga. Tukampa. Mara ya tatu akasema mbwa amepigwa, na sisi tunamficha aliyempiga. Nikamwambia nyumba hii ina wanawake wawili, mmoja hamgusi mbwa na mwingine anamsalimia, nani ampige? Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka.

Wengine wote walitazama miguu vilevile. Kijana wa bodaboda alisema ni baridi, apakwe mafuta ya moto. Mteja wangu mmoja pale Majengo, mfugaji, alisema kwao mnyama akichechemea anachomwa chuma nyongani na anapona siku hiyohiyo. Nilimwuliza kama yeye akiumwa kiuno nimchome. Akanunua uwele wake kwa mwenzangu wa meza ya pili. Na wale wengi zaidi hawakuwa na dawa yoyote, walikuwa na neno moja tu: "Mbwa tu huyo." Hilo lilinichoma kuliko chuma, kwa sababu miaka minane nilikuwa nikilisema mimi.

Aliyetutia hatarini ni jirani yetu wa upande wa barabara, mwalimu mstaafu. Alimwona mbwa akipepesuka getini, ulimi nje kwa ajili ya jua, na akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukasikia: "Kichaa! Huyu mbwa ana kichaa!" Huwezi kumlaumu sana. Mbwa mwenye kichaa naye hupepesuka, na watu wameshazika ndugu kwa sababu yake. Lakini katika muda wa kuosha sufuria walikuwa wamesimama getini watu sita na fimbo. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, amemkumbatia mbwa shingo, anasema Kigogo kitupu. Nikakimbilia ndani kutafuta cheti cha chanjo. Nilikipata chini ya godoro, nikatoka nacho nimekiinua juu.

"Mwalimu, unajua kusoma. Soma," nikamwambia.

Akavaa miwani akasoma, tarehe, muhuri, kila kitu. Fimbo zikashuka. "Haya, hana kichaa," alisema, "lakini sikio la kufa halisikii dawa, mama. Unajisumbua." Nilimjibu maneno ambayo kwa umri wake hayakustahili, na nikaja kuomba radhi baadaye. Methali ni ya kweli, lakini kuna saa mtu hapaswi kuambiwa.

Mama mkwe naye alikuwa na ya kwake. Kwao, kiangazi kikiwa kikali na ng'ombe aliyedhoofu akashindwa kuinuka, humnyanyua kwa mkia: mmoja anashika mkia, wengine wanasukuma ubavu, ng'ombe anasimama, anakula, anapona. Nilirudi siku moja kutoka sokoni nikamkuta amemshika mbwa mkia kwa mikono miwili, anavuta juu, na mbwa amegeuza kichwa anatazama bila kulia.

"Mama, acha! Utamvunja!"

"Mbona ng'ombe havunjiki?"

"Huyu si ng'ombe!"

"Wewe unamjuaje," akasema, bado ameshika mkia, "na hujawahi kumgusa?"

Usiku ule niliazimia kumpeleka kwa daktari wa mifugo mjini, kijana aliyetoka chuoni si zamani, ambaye watu walisema anatibu mpaka paka.

Kumpeleka ndiko kulikonimaliza. Bajaji ya kwanza ilimwona ikaondoka bila kusimama. Ya pili ilisimama, dereva akasema abiria wake wa baadaye watasikia harufu. Dereva wa tatu alisema atanichukua mimi, mbwa atembee. Mwishowe nikampigia simu kijana wa guta anayenibebea magunia sokoni. Akaja, akatandika viroba vitupu, na yeye na mama mkwe wakamnyanyua. Mimi nilishika ncha ya kamba nyingine, aliyovishwa shingoni. Tulipita mjini polepole na watu wakacheka njia nzima, "mbwa bosi huyo, amepakiwa," na mimi nikiwa nimekaa ukingoni nimejifunika uso nusu kwa kanga.

Daktari alinisalimia shikamoo, akavaa glavu, na alifanya kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyewahi kufanya. Alimsimamisha mbwa, mimi nikisaidia kwa kamba, akachukua unyayo wa nyuma akaukunja, sehemu ya juu ikakanyaga sakafu. Mtu yeyote, mnyama yeyote, angeurudisha mguu mara moja. Mbwa alibaki vilevile, amesimamia mgongo wa unyayo, anamtazama daktari kwa heshima.

"Umeona, mama? Hajui mguu wake uko wapi."

"Amevunjika?"

"Miguu ni mizima. Ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo. Kichwa kinatuma habari, haifiki huku nyuma. Kama waya wa umeme uliokatika njiani, taa nzima lakini haiwaki." Kisha akaniambia mbwa wakubwa wa jamii hii huzaliwa na udhaifu wa namna hiyo, mwingine wa nyonga, mwingine wa uti wa mgongo, na huu wa uti hauumi sana lakini hauna dawa. Hapa hakuna mashine ya kumpiga picha mbwa, na hata ingekuwepo isingebadilisha jambo. Alisema bwana mifugo hakukosea kwa ubaya, ng'ombe huugua mengine. Akasema, "Mshike hapa."

Nikasita. Mama mkwe alikuwa mlangoni ananitazama. Nikanyoosha mkono.

Mabega yalikuwa yamejaa, manyoya mazito, nyama imara. Nikashuka na mkono mgongoni mpaka nyuma, na huko hapakuwa na kitu, ngozi na mfupa wa kiuno. Nalijua gunia la namna hiyo. Juu limejaa, chini panya wamekula, na ukilitazama limesimama hujui mpaka uliguse.

"Hii nyama imekwisha muda mrefu," daktari alisema. "Hamkuona kitu?"

Mama mkwe alitaka kusema kuhusu mistari. Nikamkatiza nikasema hatukuona.

Tukapewa kazi. Atembezwe kila siku ili kiungo kisilale, na nyuma abebwe kwa mkanda unaopita chini ya tumbo. Nilishona mkanda kwa kiroba cha nafaka, nikaweka kanga kuukuu ndani isimkwaruze. Mama alishika mbele, mimi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye uzito na yeye kiuno chake si cha kunyanyua. Alfajiri, baada ya swala, tulikuwa tunazunguka uwanja watatu, na nikirudi ndani naosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo. Udongo wa Mkonze haununuliwi. Mikono ilipasuka mpaka wateja wakaniuliza kama nimeanza kupiga tofali.

Nilichukia ile kazi. Sitasema uongo kwamba nilimpenda mbwa ghafla. Niliichukia kila asubuhi, nilichukia mkanda uliolowa mkojo, na nilimchukia mume wangu aliyeniambia kwa simu "jitahidi, mke wangu" kutoka Mtera anakokula samaki wabichi. Mara mbili nilimwambia mama kwamba sinyanyui leo, mgongo wangu nao ni mgongo. Lakini mbwa akisikia ule mkanda ukichukuliwa ukutani alianza kujivuta kwa miguu ya mbele kuja, masikio yamesimama, na mimi nikajikuta nimeinama tena. Nilitaka apone kwa sababu ya kamba ile. Nilikuwa na deni naye, na nilitaka lilipwe akiwa hai.

Mama aliacha kulalamika kuhusu uwanja. Mistari sasa haikuwa miwili, ilikuwa mfereji mmoja mpana.

Baada ya masika alianza kupata vidonda nyongani. Tulimgeuza kila saa moja nikiwa nyumbani, mama peke yake nikiwa sokoni. Nzi walikuja. Kisha akaanza kujisaidia bila kujua, anageuka anaona uchafu wake, anainamisha kichwa. Mbwa huyu alikuwa msafi kuliko kuku wote wa mtaa. Siku aliyokataa ugali wa uwele wenye mchuzi wa vichwa vya samaki, chakula alichokipenda kuliko vyote, nikampigia daktari simu, akaja jioni mwenyewe.

Alimkagua kwa muda mrefu, akanivuta pembeni karibu na banda. Kwanza alisema kwa Kiingereza. Akaona sikumpata, akatafuta Kiswahili chake, Kiswahili cha vyuoni kinachoogopa kuumiza mtu.

"Mama, mimi naona tumlaze tu. Mlete kesho asubuhi."

Nilimtazama usoni na nikaelewa vizuri kabisa ni usingizi gani anaosema. Lakini mama mkwe alikuwa anatoka jikoni na maji ya kunawa ya mgeni, na yeye alisikia lile neno moja, lile alilolijua kuliko yote.

"Alazwe!" akasema. "Nilikuwa nangoja useme, mjukuu wangu. Hapa nyumbani tunabahatisha tu. Alazwe, hata wiki, hata mwezi."

Daktari alinitazama. Alikuwa kijana, na mkononi ameshika kata ya maji aliyopewa na bibi. Pale palikuwa mahali pa mimi kusema. Neno lenyewe ni fupi. Nilifungua mdomo nikasema, "Kesho asubuhi tutamleta," na daktari akanawa mikono, akaaga.

Nilijipa sababu. Nilijiambia atalala vizuri leo, nitamwambia kesho jioni, taratibu, mume wangu akiwa kwenye simu. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa woga, na uchovu, na ile tabia yetu ya kulifunika jambo mpaka litoe harufu.

Asubuhi guta lilipokuja, mama alikuwa amefunga mzigo. Kanga moja safi ya kulalia, bakuli lake, na kipande cha sabuni. "Huko maji yapo?" akaniuliza. "Kule kwa baba yenu maji yalikuwa yanakatika." Nikasema yapo. Akainama kwa shida, akamshika mbwa masikio yote mawili. "Mbukwa. Ugua pole. Mchana nakuja."

Nilisikia "nakuja" na sikulipa uzito. Kiuno chake, jua la mchana, mji ulivyo mbali. Nilidhani ni maneno ya kuaga.

Daktari alifanya kazi yake vizuri. Aliniambia naweza kusubiri nje. Nilibaki. Niliweka kichwa chake mapajani, bila glavu wala kanga katikati, na mkono nikauweka kiunoni pale palipokwisha. Alinusa kiganja changu kana kwamba ndiyo kwanza anakutana nacho. Haikuchukua muda. Kijana wa guta alikubali kuchimba nyuma ya ofisi, penye mchongoma, na mimi nikakaa kwenye benchi la mbele kusubiri, mzigo wa mgonjwa uko miguuni kwangu haujafunguliwa.

Ndipo bajaji iliposimama. Akashuka mguu mmoja kwanza, akashika nguzo, akashusha wa pili. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda mjini. Kifuani amekumbatia hotipoti, imefungwa kwenye kanga fundo juu, vilevile kama miaka ile.

"Shikamoo bibi," daktari akasema kutoka mlangoni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgonjwa wangu amelazwa wodi gani?"

Daktari alinigeukia mimi. Na kabla sijasimama kijana wa guta akatokea nyuma ya jengo, jembe begani, viatu vimejaa udongo mwekundu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyemaliza kazi, "Mama, shimo tayari."

Mama mkwe alitazama jembe, halafu viatu, halafu mimi. Alizunguka nyuma, akamwona akishushwa shimoni, akamwaga udongo wake konzi moja, akarudi akaingia kwenye bajaji ileile, nami nikamfuata. Njia nzima mpaka Mkonze hotipoti ilikuwa mapajani kwangu, ya moto.

Nyumbani alikaa barazani juu ya kigoda. Mimi nilibaki nimesimama.

"Sema," akaniambia.

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari nilimsikia. Sema wewe. Kiswahili chenu nilijifunza ukubwani, lakini hilo neno mnaloliogopa nalijua. Sisi ng'ombe akishindwa tunasema tunamchinja, na yeye mwenyewe anatusikia."

"Tumemuua, mama. Kwa sindano. Hakusikia maumivu."

"Sikukuuliza maumivu." Akanyoosha kanga magotini. "Na baba?"

Nilijua anauliza nini. Asubuhi ile ya baba mkwe mimi ndiye niliyetangulia kufika hospitali, nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Ndugu wakasema kwa simu mama asiambiwe mpaka mwanawe atoke Mtera, ndivyo inavyofanywa. Mama akafika na uji wake. Nikamwambia pale mlangoni kwamba baba amehamishwa wodi, ngoja nikaulize ni ipi, nikaondoka. Akazunguka na hotipoti wodi moja hadi nyingine, anachungulia vitanda vya watu, mpaka adhana ya adhuhuri. Nilimwona mara mbili kutoka kwenye ngazi, na mara zote mbili nilijibanza ukutani. Miaka yote hii tunakula sahani moja hakuwahi kuligusa, nikadhani alisahau.

"Baba alikufa alfajiri," nikasema. "Kabla hujafika na uji."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepimiwa kitu chake kikatimia. Akavuta hotipoti, akafungua fundo la kanga, akainua mfuniko. Ugali wa uwele ulikuwa bado unatoa moshi, na vichwa vya samaki pembeni kwenye bakuli dogo.

"Nawa mikono tule," akasema.

Nikaenda bombani. Nilinawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, na yeye akanisubiri.